Ukurasa wa Arobaini na Saba

Ukurasa wa arobaini na saba, baba yangu yuko uchi.
Si uchi wa sanamu za makumbusho,
wenye misuli na jani la mtini,
ni uchi wa mzee wa miaka sitini na tisa
anayeinuliwa kutoka kwenye beseni la kuogea
na mke mwenye goti bovu.

Matako yake yamejaza kisanduku kizima.
Mama aliyachora kwa kalamu nene, bila haraka,
akayawekea kiputo kidogo cha maneno:
"Hedwige, usiniangushe, bado nina deni la bia."
Kisanduku kinachofuata, anashuta.
Kinachofuata, wako sakafuni wote wawili,
wanacheka, maji yamefika mlangoni,
na mimi, kwenye kona ya chini,
nagonga nikiuliza nani amekufa.

Niligonga kweli. Nilikuwa nimeshika sahani ya viazi.

Wannes alituchapia usiku, karakana ikiwa imefungwa,
nakala mia tatu, rangi mbili:
bluu, na waridi iliyochujuka kama fulana ya hospitali.
Akauliza tubandike nini kwenye jalada,
maana ukurasa wa kumi na mbili kuna kitu kimesimama
na ukurasa wa sitini hakisimami tena.
Mama akasema: andika KWA WATU WAZIMA,
halafu chini, herufi ndogo: NA WANAOCHAKAA.

Ghent, Novemba. Kiwanda cha zamani cha pamba,
meza sabini, mvua juu ya paa la vioo.
Kushoto kwetu kijana anauza mapepo yenye matiti sita.
Kulia, wasichana wawili na kijitabu cha hedhi
kilichomchekesha bwana mmoja mwenye skafu
mpaka akaomba kiti.
Mama mwingine akauliza kama chetu ni cha watoto,
kwa kuwa kina picha.
"Hapana," akajibu mama, "ila ukurasa wa kumi na mbili
unaeleza wanavyopatikana."

Saa tisa akaingia shangazi Godelieve,
mwavuli bado wazi.
Alikuwa ameambiwa kanisani, tena na mtu asiyenunua vitabu.
Hakusalimia. Akalamba kidole, akafunua:
arobaini na tano,
arobaini na sita.
Nikainama nyuma ya kopo la chenji.
Namjua anavyokasirika, polepole, kama jiko la umeme;
hujui limewaka mpaka uliguse.

Alitazama muda mrefu.
Hata kijana wa mapepo aliacha kunadi.

"Umekosea," akasema.
"Firmin alikuwa na chunjua. Hapa, kushoto.
Nilimwosha mimi kabla yako, Hedwige,
kwenye karai, jikoni kwa mama, baridi ya mwaka hamsini na mbili,
na alikuwa akishuta vilevile."

Aibu ya maiti, wanasema, aijuaye ni mwosha.
Hawakusema waosha wakiwa wawili
watagombana.

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Miaka thelathini na minane nimeiona," akasema,
"nikaisahau."
Kisha akatoa kalamu ya wino mweusi.
Nakala mia mbili sitini na moja, moja baada ya nyingine:
shangazi anafunua, anabana ukurasa kwa kidole gumba,
mama anatia nukta.
"Juu kidogo. Hapo. Hapana, hiyo umeifanya kubwa,
hakuwa na jicho la tatu."
Walicheka vibaya, kwa pua,
wakapangusa machozi kwa leso moja,
wateja wakasubiri kwenye foleni bila kujua wanasubiri nini.

Zimebaki thelathini na tisa, zile za asubuhi,
ziko mjini huko, kwenye rafu za watu, kando ya vitanda,
na baba ndani yake akiwa laini kama yai.
Shangazi huziulizia kila Jumapili.

Kwa hiyo kama unayo mojawapo, tafadhali:
kalamu nyeusi, tako la kushoto,
juu kidogo.